Maji, choo na kadi ya benki: safari yetu ya gari-nyumba Ulaya

Tangu turudi, kila anayetutembelea hapa Kiembesamaki anauliza lile lile: baba watoto aliwezaje kuendesha upande wa kulia? Hilo lilizoeleka upesi. Maji ndiyo yaliyotuhenyesha. Maji ya kutia, maji ya kumwaga, na choo ambacho mtu mzima lazima akichomoe kwa mkono wake na kwenda kukimwaga mwenyewe. Nayaandika haya kwa wenzetu wa Unguja na Pemba wenye jamaa Ulaya ambao wameanza kuulizia, maana zile picha za watu waliokaa chini ya mwavuli mbele ya ziwa hazionyeshi hata robo ya mambo.

Gari-nyumba, kwa asiyeijua, ni gari yenye vitanda, jiko, friji, bafu na choo humo humo. Unaikodi kwa usiku, unatembea nayo, unalala ndani yake. Sisi tulikuwa wanne, mie na baba watoto na watoto wetu wawili wa skuli. Tuliichukua Ujerumani kwa sababu kaka yangu anaishi huko, tukafuata mto Mosel, tukakatiza Luxembourg, tukashuka Alsace upande wa Ufaransa, kisha tukarudi.

Pesa zilianza kutoka kabla hatujaiona gari. Visa ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi zote hizo tatu, tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 ambaye hajafika 12. Walio chini ya 6 hawalipi. Ukinyimwa, pesa hiyo hairudi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 za matibabu. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mimi nasema yapeleke mapema kadiri unavyoweza. Alama za vidole hazitumwi kwa barua (watoto wa chini ya miaka 12 wamesamehewa), kwa hiyo tia kwenye hesabu nauli za boti kwenda Dar es Salaam, kulala na kula.

Kwa mwenye kwenda na gari-nyumba kuna ugumu wake pale pale kwenye fomu: utalala wapi kila usiku? Kujibu "kwenye gari" hakumridhishi mtu. Tulichofanya ni kuweka nafasi kwenye kambi za magari kwa karibu safari nzima, tukichagua zile zinazokubali kufuta bila kulipa, tukaambatisha mkataba wa kukodi gari pamoja na karatasi ya dhamana ambayo kaka alitia saini kwenye ofisi ya serikali ya mji wake. Na ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa usiku mwingi zaidi. Kwa hiyo ratiba yako ikisema Ujerumani kidogo na Ufaransa sana, usiende kwa Wajerumani.

Halafu kadi. Kampuni za kukodisha huzuia amana, mara nyingi euro 1,000 hadi 1,500, kwenye kadi ya mkopo yenye jina la yule aliyeandikwa kwenye mkataba. Kadi zetu nyingi huku ni za kutoa kile kilichomo kwenye akaunti, na hizo kampuni nyingi hazizitaki kwa amana hata kama akaunti imejaa. Ilibidi kaka awe ndiye mkodishwaji, baba watoto aandikwe dereva wa pili. Hilo la kuandikwa si la kupuuza. Asiyeandikwa akishika usukani, bima haimjui. Leseni ya udereva ya nyumbani ichukue pamoja na kibali cha kimataifa, kwa sababu kibali peke yake si leseni. Na uulize uzito wa gari kabla ya kuipenda, maana daraja la kawaida la leseni ya gari ndogo linaishia kilo 3,500, na zipo gari-nyumba nzuri sana zinazopita hapo.

Hizo kilo 3,500 zina hesabu yake. Gari tupu huwa tayari imekula 3,000 hivi. Kinachobaki ndicho cha watu, nguo, vyakula, baskeli na maji, na kila lita ya maji ni kilo nzima. Wifi yangu, kwa mapenzi yake, alitufungia gunia la mchele, sufuria mbili za shughuli na jiko la kuchomea mishikaki. Tulibishana kwa adabu hadi usiku, tukaondoka na mchele kidogo na sufuria moja. Zawadi za kupeleka nyumbani nazo zinunue mwisho. Usitembee nazo nchi tatu, kwa sababu polisi wa kule wana mizani, na uzito ukizidi faini ni yako wewe dereva.

Kuhusu chakula cha kutoka nacho huku: nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya mkononi mwa msafiri, hata kama umekausha vizuri. Viungo vikavu havikutusumbua. Matunda mengi mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, lakini nazi, ndizi, nanasi na tende zimeachwa nje ya sharti hilo. Mie nilibeba nazi. Nilipofika nikakuta tui la kopo limejaa kwenye maduka ya Waasia, na nikajiona nimejitesa bure kwa kilo zile.

Siku ya kukabidhiwa gari, tenga nusu siku. Yule bwana alitueleza mambo mfululizo, gesi, pampu, taa za betri, vifuniko, na sisi tumetoka kwenye ndege juzi tu. Kaka alimwambia mume wangu, "Shemeji, washa simu urekodi, hii si Hiace." Ile rekodi tuliirudia kila siku. Piga na picha za kila mkwaruzo uliopo, pamoja na paa na chini ya bampa. Kisha usiende mbali. Usiku wa kwanza tulilala kambi iliyo jirani kabisa na kampuni, tukajaribu kila kitu, na asubuhi tukarudi kuuliza kwa nini maji ya moto hayatoki. Ilikuwa swichi.

Sasa barabara. Baba watoto ameendesha Coaster ya watalii miaka mingi, Mjini hadi Nungwi, Mjini hadi Paje, kwa hiyo urefu wa mita 7 haukumtisha. Kilichokuwa kipya kwake ni kimo cha karibu mita 3, pamoja na mkia unaozidi nyuma ya magurudumu: ukikata kona kulia, mkia unafagia kushoto. Andika kimo, upana na uzito kwenye karatasi ubandike karibu na usukani, kwa mita na sentimita. Kwenye maegesho mengi ya maduka, hasa Ufaransa, kuna chuma kimetundikwa kwa mita 2 tu, na ramani ya kawaida ya simu haijui kimo chako, itakupeleka hadi chini ya daraja la reli. Bima za kukodi mara nyingi hazilipi paa lililogongwa hivyo. Soma kipande hicho cha mkataba, au mwombe anayejua lugha akusomee neno kwa neno.

Upande wa kulia una hatari yake nyakati mbili tu: unapotoka kituo cha mafuta, na asubuhi mapema barabara ikiwa tupu. Gari zikiwa nyingi utazifuata. Zikiwa hazipo, mkono unarudi nyumbani kushoto wenyewe. Tulikubaliana kwamba dereva lazima awe upande wa katikati ya barabara, na mie nilikuwa nasema kwa sauti kila tunapoondoka, "Dereva katikati." Alikereka, nikaendelea. Jingine ni kwamba kwenye mitaa isiyo na alama, Ujerumani na Ufaransa pia, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama anatokea kichochoroni. Ukiona alama ya almasi ya manjano yenye ukingo mweupe, haki ni yako. Ikiwa imekatwa kwa mistari myeusi, haki imeishia hapo. Ufaransa mwendo wa nje ya miji ni 80 barabara nyingi, na faini ya kamera humfuata aliyekodi gari, tena kampuni ikiongeza ada yake juu. Ya kwetu ilimfikia kaka sisi tumesharudi.

Kurudi nyuma bila mtu wa kuangalia, usithubutu. Mtoto wetu mkubwa ndiye aliyekuwa konda, anasimama pale baba yake anapomwona kwenye kioo na kupiga kelele za daladala za Darajani, "Rudi, rudi, kata kulia, haya twende!" Wazee wa Kiholanzi kwenye viti vyao walimpigia makofi. Ilikuwa raha, na haikugongwa hata nguzo.

Ratiba yetu ya karatasini ilikuwa na kilomita 400 kwa siku. Unguja nzima haifiki kilomita 100 kwa urefu, na sisi watu wa hapa tuna mazoea ya kufika. Kaka aliikata ratiba ile nusu, na hata hiyo nusu tukaipunguza. Kilomita 150 au 200, pamoja na kusimama kununua chakula, kujaza maji na kutafuta mahali, imekwisha siku. Siku nyingine tulikaa tu, tukafua, tukapika biriani. Nadhani hizo ndizo siku ambazo watoto wanazikumbuka.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu hapa hakuna kitabu cha Mzungu kitakachokusaidia. Tangi la maji safi ni lita 100 au zaidi kidogo. Familia ya Kizungu inayojifuta kwa karatasi na kuoga kambini inakaa nayo siku kadhaa. Sisi tunatawadha kwa swala tano, tunatawadha tukitoka chooni, tunaosha mchele mara tatu, tunaoga asubuhi na jioni. Tangi letu la kwanza lilikauka kabla ya Isha. Na maji yote yaliyotoka pale juu yanaingia kwenye tangi la maji machafu chini ya gari, nalo likijaa, maji ya bafuni yanaanza kupanda kwenye sakafu.

Choo ndiyo balaa zaidi. Chini yake mna kisanduku cha plastiki cha lita 17 hadi 20, chenye mlango kwa nje ya gari. Kikikaribia kujaa taa nyekundu inawaka, unakichomoa, unakivuta kwa magurudumu yake hadi mahali pa kumwagia. Sasa chukua kopo la kutawadhia la lita moja, zidisha kwa watu wanne, zidisha kwa kila safari ya chooni, ujue kwa nini chetu kilijaa kwa siku moja. Baba watoto alipewa kazi hiyo bila kupigiwa kura.

Tulichokuja kukizoea ni hiki. Kila mtu alikuwa na chupa yake laini ya nusu lita yenye mdomo mwembamba, ya kubinya, na nusu lita hiyo inatosha kabisa kwa mtu aliyeamua. Mchana tulitumia vyoo vya kambi, kila mmoja na chupa yake mfukoni, kwa sababu bomba la mkono hulikuti. Choo cha gari kilibaki cha usiku na cha njiani. Udhu tulichukua nje, kwa kopo, penye bomba la kambi. Ukipandisha mguu kwenye sinki la kuoshea uso hakuna atakayekukataza, ila utaangaliwa. Kuoga, bafu za kambi zina vyumba vya kufunga, na nyingine zinataka sarafu ambayo dakika zake zinakwisha nywele zikiwa na povu. Beba sarafu za senti 50 na za euro moja, na kanga mbili.

Kwenye kituo cha huduma utaona mabomba mawili. Moja ni la maji ya kunywa, jingine la kusuuzia kisanduku cha choo, nalo watu wanalitumbukiza ndani ya kisanduku chenyewe. Hilo la pili usilitie mdomoni wala kwenye tangi lako, hata kama foleni ya la kwanza ni ndefu. Mpira wa maji uwe wako, na usikae kabati moja na vitu vya choo. Maji machafu ya jikoni yana mahali pake pa kumwagia, penye chuma cha mashimo chini, na ya choo yana pake. Kumwaga kando ya barabara ni kosa la kutozwa faini, na kwetu pia ni aibu.

Umeme nao una kiasi. Bila kuchomeka waya wa kambi, soketi za ukutani hazifanyi kazi kwenye gari nyingi. Betri inawasha taa, pampu na chaji ya simu. Ukichomeka, uliza kambi inatoa ampia ngapi. Ufaransa tulipewa 6, yaani kama wati 1,380, na birika la umeme la wati 2,000 likazima umeme upande wetu wote. Pikia gesi. Blenda iache nyumbani kwa wifi. Friji za gari nyingi hizi hutaka gari ikae sawa, isiinamie upande, ndiyo maana unapewa vipande vya plastiki vya kupandishia magurudumu. Inachukua saa nyingi kupoa, kwa hiyo iwashe usiku wa kuamkia kununua nyama. Mitungi ya gesi ya Ujerumani haibadilishwi Ufaransa, vichwa vyake ni tofauti. Ondoka na uliojaa.

Bonde la Mosel ni nchi ya zabibu na mvinyo. Wakulima wake hukaribisha gari-nyumba kulala uani kwao kwa bei ndogo, wakitegemea utanunua chupa. Tulisema wazi kwamba hatunywi, mama mwenyeji akatoa juisi ya zabibu, tukanunua kreti, mambo yakaisha vizuri. Kambi za Ujerumani zina mapumziko ya adhuhuri, mara nyingi saa 7 hadi saa 9 mchana. Geti linafungwa, huingii. Tulikaa nje ya geti moja tumewekwa kwenye jua saa nzima tukimwona mhudumu anakula. Na kuanzia saa 4 usiku hakuna kelele, jambo ambalo kwa majira ya joto lina utata wake, kwa sababu Magharibi kule mwezi wa Juni inaingia saa 3 na nusu usiku na zaidi. Isha inakaribia usiku wa manane. Tulichukua ruhusa ya msafiri, tukapunguza na kuchanganya. Kibla nacho hapa Unguja ni kaskazini karibu kabisa. Kule ni kusini-mashariki, na nafasi ya kusali ndani ya gari ni ya mtu mmoja, tena kwa mshazari.

Kwenye mto huo huo, upande wa Luxembourg, kuna kijiji cha Schengen. Ni kidogo, mashamba ya mizabibu na gati. Mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani, ulioipa visa jina lake, ulitiwa saini hapo tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli ya mtoni iitwayo Princesse Marie-Astrid. Baba watoto aliangalia huku na huku akasema, "Yaani vile vikaratasi vyote ni kwa ajili ya hapa?" Akataka kupigwa picha akiwa ameshika pasipoti. Pasipoti zenyewe ziweke karibu, kwa sababu Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na sisi tulisimamishwa tukirudi. Luxembourg jaza dizeli, huwa nafuu kuliko kwa majirani. Mjini nenda kwa basi, kwani tangu 2020 mabasi, tramu na treni za kawaida ni bure kwa kila mtu, mgeni na mwenyeji.

Strasbourg tulifanya hivyo hivyo, gari kambini na sisi kwenye tramu. Bucha za halali zipo tele, na Ijumaa tuliisali Msikiti Mkuu uliofunguliwa 2012. Ujerumani, duka la Mturuki huwa halikosekani hata mji mdogo. Kwa hiyo hofu ya chakula iondoe.

Wanaoniuliza kama gharama yake ni nafuu kuliko hoteli, jibu langu huwa hapana kwa safari fupi. Kukodi msimu wa joto ni euro mia na kitu kwa usiku, mara nyingi zaidi ya hapo. Kambi ya familia ni 30 hadi 50, dizeli ni lita 10 hadi 12 kwa kila kilomita 100, na juu yake kuna ada ya maandalizi, mashuka, viti vya watoto (Ujerumani ni sharti kwa aliye chini ya miaka 12 na mfupi kuliko sentimita 150). Inalipa kwa watu wanne au watano wanaopika wenyewe na wanaokaa. Mtu mwenye wiki moja na miji mitano ya kuona, apande treni.

Kurudisha gari tulikuwa na tangi la dizeli limejaa, maji machafu yamemwagwa, sakafu imepigwa deki. Kisanduku cha choo tulikimwaga, lakini mkaguzi alisema hakikusuuzwa vya kutosha, akakata pesa ya usafi ambayo kwayo tungelala kambini usiku kadhaa. Baba watoto alitaka kubishana. Kaka akamwambia, "Acha shemeji, imo kwenye mkataba." Amana iliyobaki ilifunguliwa kwenye kadi ya kaka baada ya siku kadhaa, tukamfidia kilichokatwa pamoja na faini ya kamera. Kama huna jamaa kule mwenye kadi ya aina hiyo na moyo wa namna hiyo, basi nenda benki yako ulizia kadi ya mkopo kabla ya kuanza kuchagua gari.